Mnana wa Mwanga

Miaka thelathini na moja pale Maweni
nilipiga picha za watu wasiotabasamu.
Vuta pumzi. Ishikilie. Achia.
Mbavu, nyonga, goti la mtoto
vikichomoza gizani, vyeupe juu ya cheusi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza rangi.

Nilipostaafu nikanunua kamera ya mtumba,
ina ufa kwenye kioo cha nyuma,
nikaweka kigoda mlangoni pa jiko
hapa Mwanga, nikiuelekea mchikichi wa jirani
na bakuli langu jekundu la bati.

Wa kwanza kunizoea alikuwa mnana mmoja,
dume, kidole cha kushoto kimepinda kama ndoana.
Nikamwita hivyo hivyo, Ndoana.
Mvua za Novemba ile alikuwa wa njano.
Hapana, njano ni neno la dukani.
Alikuwa kiini cha yai la kuku anayejichakuria mwenyewe.
Alichana majani ya mchikichi, utepe kwa utepe,
akasuka kijumba, akaning'inia chini yake
kichwa chini, akipiga mbawa,
akiwatangazia majike nyumba isiyo na deni.

Wakati huo Nyamwiza alikuwa akikamua mawese ukutani.
Pipa likichemka, povu likimwagika,
chikichi zikitapakaa hadi upande wangu,
ndege wakidonoa mpaka midomo inang'aa.

Kisha magoti yakamshinda. Akalifunika pipa,
mikungu akawauzia wenye mashine wa Gungu
ikiwa bado mtini.
Nami kwa huruma nikajaza bakuli:
chenga za mchele, ukoko wa ugali wa muhogo.
Walikula. Walinenepa hasa.

Novemba iliyofuata Ndoana alitokea
na njano ya shati lililosahaulika kambani.
Binti yangu Yoranda akacheka:
"Baba, kamera imezeeka kabla yako."
Nikaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu.
Bakuli lilikuwa jekundu lile lile.
Kamera haiwezi kumdhulumu ndege
ikaliacha bakuli.

Hapo nikamkumbuka mtoto mmoja wa Kibirizi,
matege, mifupa imejikunja kwenye filamu
kama fito mbichi.
Mama yake aliapa kwamba mtoto anakula, tena anashiba.
Ni kweli. Alishiba. Mfupa ndio uliolala njaa.

Mwili haujengwi kwa matofali,
tuliwatania wagonjwa waliosukuma sahani.
Kumbe na unyoya.
Ile njano hakuzaliwa nayo.
Aliidonoa kidogo kidogo kwenye nyama ya chikichi,
akaivaa.

Nikamwomba Nyamwiza aniachie mkungu mmoja.
"Ndege wako wananichania majani,
halafu niwalishe?"
Asubuhi mkungu ulikuwa juu ya ukuta, umeiva,
na yeye kando, anachambua dagaa
kama mtu asiyejua chochote.

Ndoana alikula siku ile. Nikampiga picha.
Siku ya pili. Ya kumi. Ya arobaini.
Kila picha, mnana aliyepauka
mdomo umelowa mafuta.
Nilitaka rangi ipande kama mafuta ya taa kwenye utambi.
Haipandi. Unyoya ukishakomaa umekufa, kama ukucha;
unabeba habari za zamani tu.
Sharti audondoshe, na mwingine, na mwingine,
aote upya.

Juzi nimeokota wa kwanza chini ya mchikichi.
Nimeutia kwenye bahasha ya hospitali,
zile za kaki nilizobaki nazo,
kubwa mno kwa unyoya.
Nimeandika kwa mkono ule ule wa kazini:

Jina: Ndoana.
Sehemu: kifua, upande wa kushoto.
Majibu: bado.